Kigingi Kichafu cha Isubilo

Uligeuza uso. Usiniambie hukuona, kwa sababu maandishi yalikuwa kwenye kila skrini ya stendi, kijani kutoka juu mpaka chini: ARDHI IMETULIA. Ulisoma, ukashusha pumzi, ukaendelea na safari zako. Hukuuliza imetulia wapi. Hukuuliza, kama mkazo wa ardhi umeondolewa chini ya kitanda chako, umepelekwa chini ya kitanda cha nani.

Mimi sijasahau. Nakumbuka lile tetemeko la zamani lililolaza nusu ya Mbeya kifudifudi, na jinsi mji mpya ulivyojengwa palepale, juu ya ufa uleule, kwa ukaidi. Nakumbuka Shirika la Utulivu lilipokuja na magari meupe na kutuambia kwamba tetemeko si kudra tena, ni uzembe. Wakachimba vilegezi, visima virefu vinavyosukuma maji mazito ndani ya ufa, ili pande mbili za ardhi ziteleze taratibu badala ya kukwama miaka na miaka kisha kuachia kwa ghafla. Tulipiga makofi. Hakuna aliyewauliza swali ambalo utingo yeyote wa lori angeuliza: ukilegeza kamba ya mzigo kwenye fundo hili, uzito si utaegemea fundo la jirani?

Fundo la jirani linaitwa Isubilo. Ni kijiji cha migomba na chai upande wa Tukuyu, ambako ufa unateremka baada ya kupita chini yako.

*

Atuganile alikuwa mpimaji wa Shirika, na kazi yake ilikuwa kusoma vigingi. Kigingi ni nguzo fupi ya chuma iliyozamishwa uani kwa mtu. Kichwani ina antena kama sahani, nayo inasikiliza satelaiti usiku na mchana ili ijue imesimama wapi, bila kukosea hata unene wa punje ya mchele. Ardhi ikisogea, kigingi kinasogea nayo. Ardhi isiyo na mimea hupimwa kwa rada za angani, lakini Isubilo ni migomba mitupu, na mgomba haubaki vilevile toka mvua moja mpaka nyingine. Rada ikirudi inakuta majani mapya, haijui tena ilikuwa inatazama nini. Ndiyo maana kila kaya ya Isubilo ilipewa kigingi chake.

Siku hiyo mkuu wake, Injinia Ndimbo, alimwita na kumwambia, kwa sauti ya mtu anayeomba kupitishiwa chumvi, kwamba aende Isubilo akang'oe kigingi kimoja na kusimika kipya. Kilikuwa kibovu, alisema. Kilionyesha ardhi inasogea kwenda kaskazini, wakati vya majirani vyote vilionyesha sifuri. Programu ilishakitoa kwenye hesabu yenyewe, maana programu ya Shirika ina kanuni moja ambayo ningependa uikumbuke: anayetofautiana na majirani zake wote ni mgonjwa.

Atuganile aliuliza haraka ya nini. Ilikuwa masika, barabara ya Isubilo ni utelezi mtupu, na vigingi vibovu husubiri kiangazi. Ndimbo akajibu kwamba Jumatano kilegezi cha Igoma, kule mlimani, kinafunguliwa kwa awamu ya mwisho, na hakutaka wakaguzi wakute doa jekundu kwenye ramani ya kijani.

"Nimekuchagua wewe," aliongeza, "kwa sababu kipo uani kwa baba mkwe wako. Wewe utaingia bila kelele."

Ndimbo ni mtu wa Songea, hakujua amesema nini. Kwetu mkamwana haingii uani kwa baba mkwe, hamtazami usoni, hatamki jina lake. Wakikutana njiani, mmoja anaingia migombani mpaka mwenzake apite. Watu wamejenga nyumba mwezini, lakini Isubilo mkamwana bado anaingia migombani.

Angeweza kumweleza. Hakumweleza. Ikiwa programu imeshakipuuza kigingi, aliwaza, kwa nini binadamu anakiogopa? Akasaini gari, akaondoka.

*

Aliingia Isubilo kupitia nyua za watu, na kila alikopita aliona vigingi vinang'aa. Vimezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, vimepandiwa maua, vimesuguliwa mpaka vinarudisha sura ya mtu. Hiyo ni kazi ya shindano la Kigingi Safi, linaloendeshwa na Shirika. Kila mwezi wakaguzi hupita, na jina la mshindi hutangazwa kanisani mbele ya matangazo ya ndoa. Unacheka? Hujui fahari ya uani kwetu. Nguzo iliyoinama uani kwako ni sawa na kwenda msibani na gauni lililofumuka.

Cha baba mkwe wake, Mzee Asangalwisye, kilikuwa kimeinama tangu siku kiliposimikwa. Nyasi zilikifika kiunoni, kuku walikigeuza kituo chao cha mapumziko. Katika nyua nyingine wanaosafisha ni wakamwana, na wakamwana wa mzee huyu, mjane mwenye wana watano wa kiume, hawakuweza kukanyaga kwake. Aliyebaki ni binti yake Tupokigwe, na huyo alikatazwa.

Mazungumzo yalifanyika hivi. Atuganile alisimama nje ya ua, nyuma ya jiko, mgongo kwa baraza. Mzee aliketi barazani, mgongo kwa jiko. Tupokigwe alikaa katikati na ungo wa maharage, akiwa njia ya maneno, ingawa kila mtu alisikia kila kitu.

"Wifi, mwulize mzee kama kuna mtu amewahi kukigusa kigingi chake."

"Baba, unaulizwa kama unajua maana ya usafi."

"Mwambie nimesikia alivyouliza, na nimesikia ulivyogeuza," Mzee alisema. "Hakuna aliyekigusa. Walikisimika pale nilipopima shimo la choo changu. Kama wanataka kiwe kisafi, waje wakikogeshe."

Atuganile akataka kujua kuhusu vya majirani. Tupokigwe alicheka mpaka maharage yakaruka. Vya majirani vinaogeshwa kama maharusi, alisema. Kila Jumamosi ya kuamkia ukaguzi wanawake hutoka na sabuni, wakasugua, wakakinyoosha kilichoinama, wakashindilia udongo kwa mchi. Bi Sekela, bingwa wa shindano, hukipima kwa timazi la fundi mwashi.

Wifi yake alipotulia kucheka, alimkuta Atuganile ameketi juu ya kinu kilicholazwa, ameshika kichwa.

Nitakueleza alichokielewa, kwa sababu Shirika halitakueleza. Antena ikiguswa na mkono wa mtu, namba zake zinaruka mara moja. Programu ikiona mruko huo inasema: huyu ameguswa, ya nyuma hayaaminiki. Inafuta safari yote ya nyuma na kuanza kuhesabu kutoka sifuri. Kwa hiyo ardhi ya Isubilo ilikuwa ikisogea kidogokidogo kila mwezi, na Jumamosi wanawake wa Isubilo wakaifuta kwa kitambaa chenye sabuni. Vigingi vyote vilivyosema kweli viliogeshwa mpaka vikanyamaza. Kimoja hakikuogeshwa, kwa sababu ya heshima ya wakamwana na kisirani cha mzee mmoja juu ya choo, na hicho ndicho kilichoitwa kibovu.

Sasa jiulize shindano lilikuwa wazo la nani.

Hakutaka kuamini kigingi kimoja. Mpimaji mzuri haamini chombo kimoja kama vile mama mzuri haamini mtoto mmoja kuhusu sukari iliyopungua. Alihitaji kitu kilichozama ardhini, ambacho mahali pake palijulikana tangu zamani, na ambacho hakuna mwanamke wa Isubilo angethubutu kukinyoosha. Alikipata kwenye kila mpaka. Bikoni za viwanja, yale mawe ya saruji ya wapimaji wa zamani, zilikuwa zimeinama, zimeota ukungu, na hazikuguswa na mtu, kwa kuwa anayegusa bikoni anatafuta kesi ya mpaka. Alizunguka na chombo chake cha mkononi mchana kutwa, akisoma jiwe baada ya jiwe, Tupokigwe akimtangulia kuwaeleza wenye mashamba kwamba hakuna shamba linalouzwa.

Mawe yote yalikuwa yamekwenda kaskazini. Si sana, kiasi cha upana wa kiganja, lakini yamekwenda pamoja, sawasawa na kigingi kichafu. Ng'ambo ya kijito kinachopita kando ya kijiji, upande wa pili wa ufa, bikoni zilikuwa palepale zilipowekwa. Na katikati, kwenye ufa wenyewe, hakuna kilichokuwa kimeteleza: ukuta wa zahanati unaoukatisha ulikuwa mzima, bila hata mstari. Hiyo ndiyo habari mbaya. Ardhi ilikuwa inajipinda kama upinde unaovutwa, na ufa ulikuwa bado umeushikilia mshale.

*

Alimtumia Ndimbo vipimo, kisha akampigia simu. Ndimbo hakumwuliza kama ana uhakika. Alimwuliza kama amevionyesha kwa mtu mwingine.

Hapo Atuganile akajua, na mimi ningependa nawe ujue hapohapo.

Aliuliza kuhusu shindano. Ndimbo akasema lilikuwa wazo la watu wa mahusiano, la nia njema kabisa, la kuwafanya wananchi wavipende vigingi. Walipogundua linafanya nini kwenye vipimo, hawakulizuia.

"Mwanao analala wapi leo, Atuganile?"

"Mjini, kwa baba yake."

"Basi sikiliza. Mji umelegezwa nusu. Tukisimama leo, hiyo nusu iliyobaki ni mbaya kuliko kama tusingeanza. Watu milioni mbili."

Akamjibu kwamba hajamwomba asimame milele. Amemwomba awahamishe watu wa Isubilo kwanza, ndipo afungue. Ndimbo alicheka, na ajabu ni kwamba kilikuwa kicheko cha mtu aliyechoka, si cha mtu mbaya. Alisema ili kuwahamisha itabidi useme kwa nini. Ukisema kwa nini, kila kijiji kilicho kwenye ufa nchi nzima kitataka kujua mkazo wake umetoka kwa nani. Vilegezi vyote vitafungwa kwa amri, na wanaotoa amri hawajui kufunga kitu kwa majuma machache, wakifunga wamefunga. Kisha mji utaanguka na wote tutakuwa na mikono misafi.

"Weka kigingi kipya," alimalizia. "Halafu mchukue wifi yako na mzee, waje mjini kama wageni. Hilo sitakuzuia."

Sitakuficha kitu: Atuganile alilipokea pendekezo hilo. Usimhukumu upesi, wewe umepokea makubwa kuliko hilo bila hata kuombwa. Mtoto wake alikuwa mjini, na hesabu za Ndimbo hazikuwa za uongo, alizijua mwenyewe. Alirudi nyuma ya jiko, akamwita wifi yake na kumwambia afunge nguo, yeye na baba yake, wanakwenda Mbeya Mpya kutembea.

Tupokigwe akamtazama. "Kuna msiba?"

"Bado."

Tupokigwe ni mtu wa mzaha, lakini si mjinga. Akanyoosha kidole juu ya ua, nyumba kwa nyumba. Akauliza huyu mwenye mapacha atamwambia wanakwenda wapi, harusini? Na yule aliyevunjika nyonga, atamuaga vipi, kwa tabasamu au kwa kumpungia mkono? Akasema yeye hajui kudanganya kwa muda mrefu, uso wake unamsaliti, kwa hiyo wifi amsaidie kuchagua sura ya kuondokea.

Atuganile akamwambia aziache nguo, wataambiwa wote.

*

Kijiji kilikutana Jumapili baada ya ibada, kwenye uwanja wa shule. Atuganile alieleza yote, na akashangaa kuona kwamba kilichowaudhi si tetemeko. Kilichowaudhi ni vigingi. Bi Sekela alisimama na kitenge chake cha ushindi, akauliza kwa upole wa kutisha kama amesikia vizuri: kwamba vigingi vyote visafi vimedanganya, na kigingi kimoja tu, kinachokaliwa na kuku, ndicho shahidi wa kweli. Watu wakacheka. Mwingine akasema jambo liko wazi, mkamwana anataka kumtoa mzee ili arithi migomba kabla ya wakati. Wakacheka zaidi, na kicheko cha namna hiyo kikishaanza huwezi kukizima kwa vipimo.

Mzee Asangalwisye alitokea upande wa vyoo vya shule. Atuganile alipomsikia akikohoa aligeuka, kama alivyofundishwa, akashusha khanga usoni. Mzee akazunguka ili awe mbele yake. Atuganile akageuka tena. Mzee akazunguka tena, na watoto wakadhani ni mchezo.

"Mkamwana, simama," alisema. "Nitazame."

Kuna wanawake pale walioolewa miaka arobaini na wamezika baba wakwe wasiowajua rangi ya macho.

"Desturi hii naipenda," Mzee aliwaambia watu. "Leo naivunja mbele yenu. Mtanishtaki kwa wazee, nitakuja na kuku wa faini." Kisha akamgeukia. "Niambie mimi, usoni. Wao wanasikiliza."

Atuganile akainua uso. Alimwona kwa mara ya kwanza: mtu mfupi, jicho moja lina ukungu. Akamwambia kwamba Jumatano Igoma ikifunguliwa, mkazo wa mji utakuja huku, na huku hakuna tena pa kuuweka. Nyumba zitaangukia waliomo. Watakaokuwa nje, mlima uliolowa mvua utawafuata.

"Una uhakika?"

"Wa siku sina, baba. Wa mahali ninao."

Alikuwa amemwita baba, kwa mdomo wake, mbele ya kanisa zima. Mzee akaitika. Hakuna aliyecheka. Hakuna mtu wa Isubilo anayeweza kufikiri kwamba wawili hao wangejivua heshima namna ile kwa ajili ya shamba la migomba.

Bi Sekela aliketi kwenye majani. Baada ya muda akauliza swali la kwanza la maana siku ile: wasiotembea tutawapeleka wapi, na itachukua muda gani? Atuganile alijibu kwamba salama ni ng'ambo ya kijito, kwenye tambarare ya chai, na kwamba kuhamisha kijiji kizima, wagonjwa, wazee na mifugo, kwa barabara ile ya utelezi, ni kazi ya majuma. Mpaka Jumatano hazikubaki ila siku chache. Kwa hiyo wenye nguvu wakagawanyika. Nusu wakaanza kubeba wagonjwa. Nusu wakapanda mlima kwenda Igoma, wakaketi mbele ya lango la kilegezi, Mzee Asangalwisye na mkamwana wake wakiwa mstari mmoja, wakitazamana wanapotaka.

Wapo pale sasa hivi. Shirika limetangaza kwamba ni watu wachache waliopotoshwa na mfanyakazi aliyefukuzwa, na kwamba ratiba haijabadilika. Hawatasimamisha mtambo kwa ajili ya Isubilo. Wameshaitoa Isubilo kwenye hesabu. Watausimamisha kwa ajili yako, kwa sababu mtambo ni wako. Usingizi unaolindwa ni wa kwako.

Sitakudanganya ili uje. Ndimbo anaweza kuwa sahihi. Kila siku Igoma inayokaa imefungwa, mji wako unabaki umelegezwa nusu, na kuta zinazoweza kupasuka ni zako. Hicho ndicho ninachokudai: uichukue hofu hiyo majuma machache, wewe na wanao, mpaka mtu wa mwisho avuke kijito. Wenzako wameibeba miaka yote bila kuambiwa.

Leo ni Jumanne. Mabasi ya Igoma yanapita barabara ya chai, shuka kwenye mabomba meupe ya kilegezi, utawaona. Njoo na jirani yako. Njoo na kitambulisho cha mji, ukiinue walinzi wakione, waelewe kwamba aliyeketi pale ni yule wanayesema wanamlinda. Jina lako likiulizwa, litaje kwa sauti. Inuka uvae viatu. Kilichobaki cha habari hii hakijaandikwa, na hutakisoma ukiwa umekaa hapo.